Tarehe Inapochanganya Mashine: Linda Tokeni, Simu na Pesa Zako

Mwaka wa 2024, watu wengi waliokuwa wakinunua tokeni za stima kwa simu walipata ujumbe usio wa kawaida. Badala ya namba moja ya tarakimu 20, zilikuja tatu. Kuna waliodhani ni hitilafu. Kuna waliodhani wamepewa tokeni mara tatu kwa bei ya moja! Ukweli ni kwamba mita zilikuwa zinatayarishwa kwa siku moja mahususi: tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo, hesabu ya muda iliyo ndani ya mfumo wa tokeni ingefika mwisho.

Mambo kama haya yalitokea kabla ya hapo na yatatokea tena. Katika somo hili tutaona kwa nini tarehe husumbua mashine, wahandisi hujiandaa vipi, na wewe mtumiaji wa Kitale, Bungoma au popote ulipo ufanye nini ili usipoteze pesa.

Mashine huhesabuje siku?

Fikiria pikipiki ya bodaboda ambayo mita yake ya kilomita ina tarakimu tano tu. Ikifika 99999, kilomita inayofuata haiwezi kuandikwa 100000 kwa sababu hakuna nafasi. Inarudi 00000. Pikipiki haijawa mpya, injini ni ile ile na matairi ni yale yale. Ni mita tu iliyoishiwa nafasi. Lakini anayeinunua kwa kuangalia mita peke yake atadanganyika.

Kompyuta ziko hivyo. Ndani yake hakuna Januari wala Jumatatu. Kuna hesabu tu ya sekunde, dakika au siku, kuanzia mahali fulani palipochaguliwa na waliotengeneza programu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalielewa hili bila shida. Saa mbili asubuhi kwa mdomo ni 8:00 kwenye simu. Hakuna aliyekosea. Mmoja ameanza kuhesabu kutoka alfajiri, mwingine kutoka usiku wa manane. Taabu inaanza pale wawili wanapoongea bila kujua kwamba kila mmoja ameanzia pake.

Basi matatizo ya tarehe huja kwa njia tatu:

1. Nafasi ya kuhesabia kuisha, kama mita ya pikipiki.
2. Kanuni ya kalenda kusahaulika, hasa tarehe 29 Februari inayokuja kila baada ya miaka minne.
3. Tarehe kusomwa visivyo. Kwa mfano, 03/04/2025 kwetu Kenya ni tarehe 3 Aprili, lakini programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani itasoma Machi 4.

Somo la mita za stima

Mita nyingi za kulipia kabla, hapa Kenya na katika nchi nyingine nyingi, hufuata utaratibu mmoja wa kimataifa unaoitwa STS. Katika utaratibu huo, kila tokeni hubeba namba ya utambulisho iliyofichwa ndani ya zile tarakimu 20. Namba hiyo hutokana na dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, ikihesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993.

Nafasi iliyotengwa inatosha hesabu ya dakika 16,777,216. Zinaonekana nyingi, lakini ukizigeuza kuwa miaka hazifiki hata 32. Ukianza 1993, zinaishia tarehe 24 Novemba 2024.

Kwa nini hilo lisumbue? Kwa sababu mita hukumbuka namba za tokeni ilizokwisha kupokea. Ndiyo maana huwezi kuweka tokeni moja mara mbili. Pia hukataa tokeni iliyo nzee kuliko zile inazozikumbuka. Sasa hesabu ikirudi sifuri, tokeni uliyonunua leo ingeonekana kama ya 1993. Mita ingeiona imezeeka na kuikataa, hata kama pesa imetoka kwenye simu yako na imefika inakotakiwa.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Stima isingezima saa ile ile, kwa sababu yuniti zilizobaki zingeendelea kutumika. Shida ingekuja siku ya kununua tena. Mwenye kinu cha kusaga mahindi Kitale angekuwa amelipa, ana ujumbe mkononi, wateja wako foleni na debe zao, na mita inasema hapana.

Dawa ilijulikana miaka mingi kabla. Kila mita ilihitaji kuwekewa namba mbili maalum za tarakimu 20 kila moja. Namba hizo zilifuta kumbukumbu ya zamani na kuihamishia mita kwenye hesabu mpya inayoanza 2014 badala ya 1993. Hapa Kenya, kampuni ya Kenya Power iliendesha kampeni iliyoitwa "Update Token Meter Yako". Mteja akinunua tokeni, alipata seti tatu: mbili za kwanza za kubadilisha mita, na ya tatu tokeni yenyewe. Hakukuwa na malipo ya ziada. Mita ikishabadilishwa, hesabu mpya itatosha hadi Novemba 2045.

Tokeni inanunuliwa Nairobi, mita iko Kiminini

Mashine zilikuwa tayari, lakini kuna mahali ambapo jambo kama hili hukwama kwa urahisi: kati ya anayelipa na anayebonyeza mita. Ujumbe wa tokeni huenda kwa simu ya aliyelipa. Chukua mfano wa mama aliye Kiminini na mwanawe aliye Nairobi, ambaye humnunulia stima kila mwezi:

"Mama, nimekutumia tokeni. Umeiona?"

"Nimeiona mwanangu, nimeweka mara tatu, inakataa tu. Hii mita imeharibika?"

"Hebu subiri Mama, kumbe namba zilikuwa tatu. Mimi nilikutumia ile ya mwisho peke yake."

Mita haikuwa imeharibika, na pesa haikuwa imepotea. Namba mbili za kwanza zilibaki Nairobi. Mwenye nyumba wa Bungoma anayewanunulia wapangaji tokeni angeweza kukwama vivyo hivyo.

Kuna funzo lingine hapa kwa wanaopenda kununua tokeni nyingi na kuziweka akiba. Tokeni iliyotengenezwa kabla ya mita kubadilishwa haifanyi kazi baada ya mabadiliko, kwa sababu mita huwa imepewa ufunguo mpya. Kwa hivyo:

- Tokeni ukiinunua, iweke siku hiyo hiyo.
- Ukimtumia mtu tokeni, mtumie ujumbe wote ulivyo, usichague namba.
- Ukiambiwa kuna mabadiliko ya mfumo, maliza kwanza tokeni ulizoweka akiba.

Si mita peke yake

Tatizo maarufu zaidi ni lile la mwaka 2000. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kuokoa nafasi: 85, 92, 99. Baada ya 99 inakuja 00, na kompyuta isingejua kama ni 2000 au 1900. Mtu aliyekopa 1998 na kutakiwa kulipa 2001 angeonekana amechelewa karibu karne nzima. Serikali, benki na makampuni duniani zilitumia mabilioni ya dola kupitia programu zao. Siku ilipofika, mambo makubwa hayakuharibika. Kuna waliosema, "Mbona mlitutisha bure?" Lakini shimo likizibwa kabla ng'ombe hajatumbukia, hakuna wa kulia.

Wakati huo M-Pesa ilikuwa bado haijazaliwa, ilianza Machi 2007. Leo pesa zetu nyingi ziko kwenye simu, kwa hivyo jambo hili linatugusa kuliko lilivyowagusa wazazi wetu.

Angalia yaliyotokea kwingine maandalizi yalipokosa sehemu moja ndogo tu. Mwaka 2010 ulipoanza, kadi za benki karibu milioni 30 nchini Ujerumani zilianza kukataa, kwa sababu programu iliyo ndani ya chipu yake haikuuelewa mwaka 2010. Tarehe 29 Februari 2024, pampu za petroli za kujihudumia nchini New Zealand ziligoma kupokea kadi, kwa sababu programu ya malipo haikuitambua siku hiyo. Watu walikuwa na pesa zao benki, lakini hawakuweza kuzitumia.

Tarehe kubwa inayokuja ni ya 2038. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani ina nafasi ya sekunde 2,147,483,647 tu. Nafasi hiyo itaisha Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Kenya. Mfumo ambao haujarekebishwa utaruka kurudi Desemba 1901, mwezi ule ule reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu.

Utasema 2038 ni mbali. Si mbali sana. Mkopo wa miaka 15 uliochukuliwa mwaka 2025 unaisha 2040. Programu inayopanga malipo ya mkopo huo inahitaji kuvuka 2038 leo, si siku hiyo ikifika. Habari njema ni kwamba mifumo mipya ina nafasi kubwa zaidi, ya mabilioni ya miaka. Wa kuangaliwa ni vifaa vya zamani: mashine za malipo dukani, simu za miaka mingi, na kompyuta ile ya ofisi ya chama ambayo hakuna anayekumbuka ilinunuliwa lini.

Kampuni hujiandaa vipi?

Kazi yenyewe haina uchawi. Kwanza wahandisi huorodhesha kila mahali ambapo tarehe inatumika: tarehe ya muamala, siku ya kulipa mkopo, kiwango cha siku kinachoanza upya usiku wa manane, cheti cha usalama kinachoisha muda. Kisha hutengeneza nakala ya mfumo kando, isiyogusa pesa za wateja, na kuisogeza saa yake mbele hadi siku inayoogopwa. Huangalia: je, riba imehesabiwa sawa? Malipo ya tarehe 31 yanafanyaje katika mwezi wa siku 30? Tarehe 29 Februari inakubaliwa?

Penye kasoro hurekebishwa, kisha mabadiliko huingizwa hatua kwa hatua, mara nyingi usiku watu wachache wakitumia huduma. Ndiyo maana hupata ujumbe kwamba huduma itasimama kwa saa kadhaa usiku. Ukipata ujumbe kama huo, usipange kulipa karo au kumlipa msambazaji saa hizo. Lipa mapema, mchana, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Sehemu yako: tarehe ya simu

Hii ndiyo hitilafu ya tarehe utakayokutana nayo mara nyingi. Simu ikikaa bila chaji siku nyingi, au betri ikitolewa, inaweza kuwaka ikisoma mwaka wa nyuma kabisa, hata 1970. Ukifungua programu ya malipo au ya benki, inakataa na kusema mtandao si salama au muunganisho umeshindikana.

Sababu ni hii. Kabla ya kutuma chochote, programu hukagua cheti cha usalama cha seva. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kama leseni ya dereva. Simu ikiamini kwamba leo ni 1970, cheti kinaonekana hakijaanza kutumika, na programu inafunga mlango. Inafanya hivyo ili kukulinda.

Fanya hivi:

1. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye tarehe na saa.
2. Washa chaguo la kuweka tarehe na saa kiotomatiki, simu ichukue saa kutoka kwa mtandao.
3. Hakikisha eneo la saa ni Nairobi, yaani GMT+3.
4. Zima simu, iwashe, ujaribu tena.

Pesa yako haijaenda popote. Salio liko kwenye seva, si ndani ya simu. Na kama una haraka, huduma za kubonyeza nyota na reli hufanya kazi hata kwenye simu ya mulika mwizi yenye tarehe mbovu, kwa sababu haziulizi simu ni siku gani. Usimpe fundi PIN yako eti akurekebishie tarehe. Kurekebisha tarehe hakuhitaji PIN hata kidogo.

Kwa ajenti na mwenye duka: unapojaza kitabu, andika tarehe na saa zilizo ndani ya ujumbe wa muamala. Usiandike zile za kioo cha simu. Zile za ndani ya ujumbe zimetoka kwa mfumo, na ndizo zitakazotumika kukiwa na mzozo.

Tarehe iliyojificha kwenye namba ya muamala

Chukua ujumbe wako wa M-Pesa uangalie namba ya muamala, ile yenye herufi na tarakimu kumi. Katika mpangilio uliozoeleka miaka hii, alama tatu za kwanza hubeba tarehe:

- Ya kwanza ni mwaka: R ni 2023, S ni 2024, T ni 2025.
- Ya pili ni mwezi: A ni Januari, B ni Februari, hadi L ambayo ni Desemba.
- Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 ni siku hizo hizo, kisha A ni 10, B ni 11, na kuendelea hadi V ambayo ni 31.

Kwa hivyo namba inayoanza na TDL ni ya 2025, Aprili, tarehe 21.

Hii inasaidia sokoni. Tuseme uko Chwele siku ya soko, mteja anakuonyesha ujumbe kwamba amelipa kuku watatu leo, lakini namba inaonyesha mwezi uliopita. Huenda ni ujumbe wa zamani uliobadilishwa maneno. Uliza maswali kabla kuku hawajafungwa miguu.

Lakini tafadhali: hiki ni kichujio, si ushahidi. Mkora mjanja anaweza kuandika herufi sahihi, na kampuni inaweza kubadilisha mpangilio wakati wowote. Tena ukiendelea kuhesabu, Z inaangukia mwaka 2031. Herufi nazo zina mwisho! Kinachothibitisha malipo ni kimoja: salio lako mwenyewe, uliloliangalia wewe kwenye simu yako.

Wakora hupenda siku za mabadiliko

Kila kunapotangazwa tarehe ya mwisho ya jambo, kuna anayetafuta kuitumia vibaya. Utapigiwa simu: "Mita yako inafungwa leo usiku." "Laini yako imepitwa na tarehe." "Mfumo unahamia mwaka mpya, thibitisha PIN." Mpigaji huongea haraka na hukuita mzazi au ndugu kwa heshima nyingi, ili usipate muda wa kufikiri.

Shika haya:

- Hakuna marekebisho ya mfumo yanayohitaji PIN yako. Hata moja.
- Namba za kubadilisha mita hazikuuzwa. Anayekuuzia ni mwizi.
- Tokeni za Kenya Power hulipiwa kwa Paybill 888880. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi ulipie, kata simu.
- Ukiwa na shaka kuhusu mita, bonyeza mwenyewe *977#, usifuate maagizo ya aliyekupigia.
- Tarehe ya mwisho ya kweli hutangazwa mapema na kwa wote. Inayokuja kwako peke yako, usiku, kwa haraka, ina walakini.

Jipime

*Swali la 1.* Ujumbe unasema umelipwa tarehe 14/3/25. Namba ya muamala inaanza na TBE. Kuna nini?

*Jibu.* T ni 2025, E ni tarehe 14, lakini B ni Februari. Machi ingekuwa C. Angalia salio lako kabla ya kutoa bidhaa.

*Swali la 2.* Ni asubuhi ya kufungua shule. Programu ya benki inakataa kulipa karo, na simu inaonyesha 1/1/1970. Utafanya nini?

*Jibu.* Rekebisha tarehe iwe ya kiotomatiki kisha ujaribu tena, au ulipe kwa kubonyeza nyota na reli. Kabla ya kurudia malipo, angalia salio, usije ukalipa mara mbili.

*Swali la 3.* Umemnunulia shangazi aliye Kimilili tokeni na zimekuja namba tatu. Utamtumia ipi?

*Jibu.* Zote tatu, kwa mpangilio ule ule, na umpigie umwambie aweke ya kwanza kwanza.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya mambo matatu: angalia tarehe ya simu yako, weka tokeni yoyote uliyoacha kwenye ujumbe, na umwonyeshe mzazi au jirani mwenye mulika mwizi jinsi ya kuangalia salio lake mwenyewe. Dakika kumi zinatosha.